Jinsi Mbio za Magari Zilivyorudi Sebuleni Kwetu

Kwenye kipindi kilichopita cha podikasti tuliulizana swali jepesi: wazazi wako walihamia Uingereza na mchezo gani? Mwenzangu mmoja akasema kandanda, bila hata kufikiri. Mwingine akasema bao. Babake alilibeba kwenye sanduku toka Zanzibar na mpaka leo liko chini ya kitanda. Mimi nikasema mbio za magari. Wakacheka. "Babako si alikuwa dereva wa basi?" Ndiyo, alikuwa. Muda ukatukimbia tukahamia mada nyingine, lakini jumbe mlizotutumia baadaye zilinionyesha kwamba hamkuridhika na jibu lile. Hata mimi sikuridhika. Kwa hiyo leo naandika yote, manake ni hadithi ya mchezo uliopotea nyumbani kwetu, ukarudi, na kurudi kwake kukawa na bei.

Pasaka ya Nakuru

Mzee wangu alizaliwa Nakuru mwaka 1958, mtoto wa Mluhya aliyefanya kazi kwenye reli. Mama ni Mkamba wa Machakos. Walipokutana, Kiswahili ndicho kilichowaunganisha, na ndicho walichotulea nacho sisi watoto hapa Milton Keynes.

Utotoni mwa Baba, Pasaka ilikuwa na mambo mawili: kanisa na Safari Rally. Mbio hizo zilianza mwaka 1953 kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, zikapita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1973 zikaingia kwenye mashindano ya ubingwa wa dunia. Hazikuwa na uwanja. Magari yalipita barabara zile zile za matatu, ng'ombe na baiskeli, maelfu ya kilomita, usiku na mchana. Hukukata tiketi. Ulitoka nyumbani, ukatafuta mahali pazuri kando ya barabara, ukangoja.

Mwaka 1974 Baba alikuwa na miaka 16. Mvua ilikuwa imenyesha vibaya, na anasema gari la Joginder Singh lilipita likiwa limepakwa matope hata rangi yake huijui. Nyuma yake kwenye matokeo alikuja Björn Waldegård, Mswidi mwenye Porsche. Joginder alishinda kwa Mitsubishi Lancer. Ukimwuliza Baba kuhusu injini ya Lancer ile atakuangalia tu. Hajui. Alichojua wakati ule, na wavulana wote wa mtaani walijua, ni kwamba dereva yule alizaliwa Kericho, kwamba alikuwa fundi wa magari, na kwamba alishashinda mwaka 1965 kwa Volvo. "Alikuwa mtu wetu," Baba husema. "Gari ni gari tu. Tulienda kumwona mtu."

Naomba uliweke neno hilo mfukoni. Tutalirudia.

Jumapili hailipiwi

Mimi nilizaliwa hapa mwaka 1990. Jumapili ninazozikumbuka ni zulia la sebuleni, harufu ya pilau ya Mama, na Baba akipunguza sauti ya televisheni. Kuanzia mwaka 1997 Formula 1 ilionyeshwa bure kwenye ITV. Mtangazaji alimwaga Kiingereza cha haraka ambacho Baba alikielewa vizuri, ila hakukitaka. Alitangaza mwenyewe. "Haya, anambana, anambana... ameogopa! Kakanyaga breki mapema!" Hivyo ndivyo nilivyojifunza usukani, gia, kona, tairi, na kumpita mtu kwa ndani. Shuleni sikuwa na wa kuongea naye Kiswahili. Kiswahili changu cha kusimulia, kile chenye "kumbe" na "almanusura", nimekitoa kwa Schumacher na Häkkinen.

Baba hakuuita mchezo huo Formula 1. Aliuita langalanga, kama magazeti ya Kenya yanavyouita hadi leo. "Langalanga ni kwetu," alikuwa akiniambia. "Ni mahali, upande wa Gilgil. Wazungu walikimbiza magari pale kabla sijazaliwa." Nilidhani ananitania. Nilipokuwa mkubwa nikakuta ni kweli: miaka ya 1950 palikuwa na mbio Langalanga.

Cha ajabu ni kwamba tulikuwa tukiishi mlangoni pa mchezo wenyewe. Makao ya timu ya Red Bull yako hapa hapa Milton Keynes, mji wa vipilefti zaidi ya mia moja. Baba alipita eneo lile na basi lake mara nyingi mno. Alikuwa akisema kwamba ukiweza kuendesha basi la abiria waliosimama kwenye vipilefti vya mji huu, Silverstone si kitu. Desemba 2011 Red Bull walileta magari yao katikati ya mji wawaonyeshe wenyeji. Tulisimama kwenye baridi kali, bila tiketi, Baba mikono nyuma, kimya, kama ninavyomwazia akisimama Nakuru.

Miezi michache baadaye, msimu wa 2012, Sky ilichukua haki ya kuonyesha mbio zote moja kwa moja, na BBC ikabaki na nusu. Kaka yangu akasema tufunge dishi, tuchange kila mwezi. Baba akakataa. "Jumapili hailipiwi," akasema, basi. Mwanzoni aliangalia zile nusu za bure. Halafu akaacha, manake hadithi unayosimuliwa nusu ni afadhali usisimuliwe.

Mimi nilikuwa nimeshaanza kazi London. Nikipiga simu nyumbani, mazungumzo yetu yalikuwa haya: "Baba, hujambo?" "Sijambo." "Kazi?" "Nzuri tu." "Haya." "Haya, ngoja nikupe mama yako." Sekunde 20, tena ukihesabu na kukohoa. Hatukuwa tumegombana. Kilichotuunganisha kilikuwa kimehamia chaneli nyingine, na hakuna kati yetu aliyejua kwamba ndicho kilichokuwa kikituunganisha.

Wenye mali wapya

Sasa tuache sebule yetu kidogo tuangalie mchezo wenyewe, manake haukuwa umepotea kwetu peke yetu.

Kwa takriban miaka 40 aliyeushika mkononi alikuwa Bernie Ecclestone. Haki yake apewe: ndiye aliyeziuza mbio hizi kwa televisheni za dunia nzima na kuzifanya utajiri. Lakini dunia ilipohamia kwenye simu, yeye hakuhama. Mwaka 2014 alisema hadharani kwamba haoni haja ya kuwakimbilia vijana wa mitandaoni, afadhali mzee wa miaka 70 mwenye pesa, kwani vijana hawawezi kununua saa za Rolex. Timu na madereva walibanwa sana wasiweke video zao mtandaoni. Shabiki alimwona dereva akiwa ndani ya helmeti, kisha akiwa jukwaani na chupa. Katikati hapo, hakuna kitu.

Septemba 2016 kampuni ya Liberty Media ya Marekani ikatangaza kuununua mchezo kwa thamani ya dola bilioni 8, madeni yakiwemo. Januari 2017 ununuzi ukakamilika, Ecclestone akaondolewa, na Chase Carey, mtu wa televisheni, akakalia kiti. Kabla hata msimu haujaanza masharti ya video yakalegezwa. Mei 2018 wakaanzisha huduma yao wenyewe ya kuonyesha mbio mtandaoni. Machi 2019 Netflix ikatoa msimu wa kwanza wa Drive to Survive.

Msimu ule wa kwanza Mercedes na Ferrari, timu mbili kubwa kuliko zote, zilikataa kamera. Kumbe ndiyo ikawa bahati. Kamera zikalazimika kwenda kwa wanaohangaika: dereva anayeogopa kupoteza kazi, mkuu wa timu anayehesabu senti, baba wa dereva anayeuma kucha gereji. Watu ambao hawajui tofauti ya breki na klachi wakajikuta wana mtu wa kumshangilia.

Mimi ni mhasibu, kwa hiyo nivumilie nikikuletea hesabu. Marekani, mwaka 2018, mbio moja ilitazamwa na watu 554,000 kwa wastani kwenye ESPN na chaneli dada. Mwaka 2022 wastani ukafika milioni 1.2. Oktoba 2021, Austin, watu 400,000 walihudhuria kwa siku tatu. Kufikia 2023 nchi hiyo ilikuwa na mbio tatu: Austin, Miami na Las Vegas. Na kuna jambo ambalo filamu haionyeshi vizuri. Mwaka 2021 timu zikawekewa kikomo cha matumizi, dola milioni 145 kwa mwaka, ili tajiri asimkimbie maskini kwa pesa tupu. Mashabiki wapya wakikuta mshindi ni yule yule kila wiki, hawakai.

Sasa sikiliza upande wa pili wa daftari. Machi ile ile ya 2019, Netflix ilipotufungulia dirisha, hapa Uingereza mlango wa mbele ulifungwa kabisa. Kuanzia msimu huo Sky ilikuwa na kila kitu moja kwa moja. Asiyelipa alibakishiwa muhtasari wa Channel 4 na mbio moja tu ya Silverstone. Kwa hiyo mchezo ulikuwa ukipata mamilioni ya mashabiki wapya na wakati huo huo ukimwacha nje mzee mmoja wa Milton Keynes aliyeanza kuupenda akiwa peku kando ya barabara.

Tairi ambazo hazikukazwa

Machi 2020 nilirudi kwa wazazi na kompyuta yangu, nikidhani ni wiki tatu. Nilifanya kazi chumbani kwangu cha zamani. Baba aliendelea kuendesha basi, kwani mtu wa hospitali lazima afike hospitali. Aliondoka alfajiri. Akirudi, Mama alikuwa amemwekea nguo safi kwenye mfuko pale mlangoni. Tulisikia habari za madereva wa basi waliofariki London. Baba hakusema anaogopa, na sisi hatukumwuliza. Nyumba ilikuwa kimya kile cha watu wanaosikilizana wanavyopumua.

Jioni moja nikawasha Drive to Survive, kwa sababu tu kila mtu kazini alikuwa akiizungumzia. Baba akasimama mlangoni na kikombe cha chai. Kwenye televisheni Guenther Steiner, mkuu wa timu ya Haas, alikuwa na simu sikioni, anamwaga matusi.

"Huyu anatukana nani?"

"Anajitukana mwenyewe, Baba. Magari yake yalikuwa nafasi ya nne na ya tano huko Australia, yote mawili yakatoka. Tairi hazikukazwa sawasawa."

"Hazikukazwa? Magari mawili? Siku moja?"

"Ndiyo."

Akavuta kiti. "Basi ana haki ya kutukana."

Hakuinuka mpaka saa tano usiku. Kesho yake alirudi kazini, akabadilisha nguo, akala, akauliza, "Yule wa matusi aliishia wapi?" Tukawa na shughuli. Akaanza kutangaza tena, mwanzoni chini chini, halafu kwa sauti. Alinionyesha mahali walipobandika sauti ya injini isiyolingana na picha. Alinionyesha mahali walipochukua kipande cha mbio moja wakakipachika kwenye nyingine: "Angalia tairi. Hizo si zile." Baadaye Max Verstappen alikataa kushiriki kwa muda akisema wanabuni uhasama usiokuwepo, na Baba akatikisa kichwa kama shahidi aliyethibitishwa. Lakini hakuacha kuangalia. Nilimwuliza kwa nini, kama anajua wanadanganya. Akasema hata wao pale Nakuru waliongeza chumvi wakisimulia. "Muhimu ni kwamba unamjua mtu."

Nikaelewa kitu. Wamarekani wale hawakuvumbua chochote. Walichokiuza kwa mabilioni ndicho wavulana wa Nakuru walichokuwa nacho bure mwaka 1974: jina la mtu kwanza, gari baadaye.

Alfajiri ya Naivasha

Juni 2021 Safari Rally ikarudi kwenye ubingwa wa dunia baada ya miaka 19. Mara ya mwisho ilikuwa 2002, aliposhinda Colin McRae. Huko nako palikuwa na uongozi mpya. Serikali ya Kenya iliweka fedha, na aliyesimamia maandalizi alikuwa Phineas Kimathi, mwenyewe dereva wa zamani wa mbio na mkuu wa shirikisho la mchezo huo nchini. Mapenzi yake huna haja ya kuyatilia shaka: mwanawe alimwita McRae, na kijana huyo Februari 2022 akaenda kushindana Sweden kwenye theluji.

Mbio zenyewe zilikuwa zimebadilika. Badala ya maelfu ya kilomita za barabara wazi, mwaka huo wa 2021 zilikuwa kama kilomita 320 za ushindani, mikondo 18, nyingi zikiwa kandokando ya Ziwa Naivasha, barabara zikiwa zimefungwa. Lakini tangu 2018 wenye mashindano wamekuwa wakionyesha kila mkondo moja kwa moja mtandaoni. Kwa mara ya kwanza mtu aliyeko Milton Keynes angeweza kuona Safari yote, tangu gari la kwanza mpaka la mwisho.

Ilikuwa ya kulipia. Nikalipa kimya kimya, nikamwambia Baba tunapewa bure kazini. Nilikuwa na miaka 31, nina shahada na cheti cha uhasibu, namdanganya baba yangu kuhusu pauni chache.

Jumapili ya mwisho tuliamka kukiwa bado na giza. Thierry Neuville wa Hyundai aliongoza. Gari likaonekana limeinama nyuma, tairi limekaa upande. Baba akasimama kabla mtangazaji hajasema neno. "Ameisha! Hiyo ni sasipenshoni, huyo hafiki popote!" Na kweli Neuville akatoka. Sébastien Ogier akachukua ushindi, Mjapani Takamoto Katsuta wa pili. Intaneti yetu ilikatika mara mbili, picha ikaganda kwenye vumbi tupu. Baba hakulalamika. Aliitazama ile picha iliyoganda, akasema taratibu, "Vumbi ni lile lile."

Halafu akaanza kusimulia. Mambo ambayo sikuwahi kuyasikia: babu yangu, nyumba za reli, kaka yake aliyefariki mdogo ambaye ndiye alikuwa akimpandisha begani aone magari. Miaka 31 sikujua kwamba Baba alikuwa na kaka.

Mwisho wa filamu

Ningeweza kuishia hapo, ingekuwa hadithi tamu. Lakini kuna tarehe 12 Desemba 2021.

Lewis Hamilton na Verstappen walifika Abu Dhabi wakiwa sawa kwa pointi. Sky ilikubali Channel 4 nayo ionyeshe moja kwa moja, bure, kwa hiyo familia nzima ilikuwa sebuleni, pamoja na Mama, ambaye huyaita "hayo magari yenu". Baba alikuwa wa Hamilton, ingawa tunaishi mji wa Red Bull. Hamilton aliongoza karibu mbio zote. Mizunguko michache kabla ya mwisho gari moja likagonga ukuta, gari la usalama likaingia. Mkurugenzi wa mbio, Michael Masi, akaruhusu magari matano tu yaliyokuwa kati ya wawili hao yapite, mbio zikarejea kwa mzunguko mmoja. Verstappen alikuwa na tairi mpya. Mnajua kilichotokea.

Nje tulisikia honi. Baba akachukua rimoti akazima. "Hapo hawakutafuta mshindi," akasema. "Wametafuta mwisho wa filamu."

Nikabishana naye. Ripoti ya chama cha kimataifa, FIA, iliyotoka Machi 2022 ilisema ni kosa la kibinadamu, kwamba mkurugenzi alitenda kwa nia njema. Matokeo yakabaki, Masi akaondolewa kwenye kazi ile. Sina ushahidi wa kusema vingine, na sisemi. Lakini hoja ya mzee imekaa nami. Ukishawauzia watu mbio kama tamthilia, siku ya mbio za kweli watajiuliza nani ameandika mwisho wake. Hata ukiwa mwaminifu, utashukiwa. Hiyo nayo ni gharama, na haimo kwenye hesabu za kampuni yoyote.

Baba hajaangalia langalanga tangu siku ile. Mimi naangalia. Safari tunaangalia wote.

Indiketa

Kwa Pasaka ya 2024 nilikata tiketi mbili za ndege. Safari ilikuwa imerudishwa wakati wake wa zamani, mwisho wa Machi, na Baba alikuwa hajafika nyumbani miaka 11. Februari moyo wake ukaleta shida, akafanyiwa upasuaji, daktari akamkataza ndege. Nilitaka kuahirisha. Akanikatalia: "Nenda. Mmoja wetu aende."

Jumamosi, mimi na Shangazi tulisimama kando ya barabara kuu ya Nakuru, karibu na Elmenteita, yeye na mwavuli na chapati kwenye kitambaa. Haikuwa mahali pa mashindano. Ni barabara ya kawaida ambayo magari ya mbio hupitia kutoka mkondo mmoja kwenda mwingine, katikati ya malori na matatu, yakifuata sheria kama mimi na wewe. Hakuna tiketi. Nikampigia Baba simu ya video.

"Inua kidogo. Naona kwapa la shangazi yako."

"Sasa?"

"Hapo."

Gari la kwanza likaja, limejaa tope, polepole nyuma ya lori la viazi. Watoto wa pale walishaanza kupiga kelele kabla sijaona namba. "Katsuta! Katsuta!" Lilipofuata jingine, "Rovanperä!", kwa matamshi ya Nakuru ambayo Kalle Rovanperä mwenyewe, aliyeshinda kesho yake, asingeyatambua. Wengi wao hawana namna ya kulipia mbio mtandaoni, lakini vipande vifupi vya bure vilikuwa vimewafikia kwenye simu za kaka zao. Walijua majina.

"Mbona anaenda pole hivyo?" Baba akauliza.

"Ni barabara kuu, Baba. Lazima wafuate sheria."

Dereva akawasha indiketa, akalipita lori, akatupungia mkono. Kwenye simu nikasikia mzee wa miaka 65, na mshono kifuani, akicheka kama mvulana. "Umeona? Bingwa wa dunia, ametoa indiketa! Hawa vijana wangeweza kuendesha basi langu!"

Mtandao ukakatika. Ulipokubali tena, alikuwa bado anatangaza, hakujua hata kwamba tulikuwa tumepotezana.

"Hapo umelipa ngapi?" akaniuliza mwishowe.

"Sijalipa kitu."

"Na ile ya 2021, ulisema ni ya kazini."

Nikanyamaza.

"Nilijua unalipa," akasema. "Ningekataa, tungeangalia nini?"

Siku hizi nikipiga simu nyumbani, Mama ndiye anayepokea, na hanipi nafasi hata ya kumsalimia vizuri. "Ngoja nikupe babako," anasema, "amenisumbua na magari tangu asubuhi."

Kipindi kijacho mzee mwenyewe atakuwa mgeni wetu. Amekubali kwa sharti moja: tusimkatize. Tutumieni maswali yenu mapema.